Usikizike Kabla Hakijafa

Hakuna kifaa cha nyumbani kinachotangaziwa kifo haraka kama gemu ya mkononi. Redio ikinyamaza tutaipiga kofi mgongoni, tutageuza betri, tutanyoosha antena. Simu ikizima tutaazima chaja kwa jirani kabla ya kukata tamaa. Lakini gemu ya mtoto ikigoma kuwaka jioni moja tu, hukumu imeshatoka: imekufa, ilikuwa feki tangu mwanzo, mjomba alipigwa huko Muscat alikoinunua. Inatupwa kwenye droo pamoja na rimoti zilizofiwa na runinga zao, na mtoto anaambiwa asubiri mambo yakae sawa.

Nyingi kati ya gemu hizo ni nzima. Nyingine zimelala usingizi mzito, nyingine zimefungwa kwa swichi, nyingine zinapewa umeme kwa waya usiofaa, na nyingine zinangoja kitufe kibonyezwe kwa muda mrefu kuliko mwenye haraka anavyoweza kuvumilia. Na wa kulaumiwa hapa si mtoto wala mjomba. Ni watengenezaji, ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakiifundisha mashine kukaa kimya pale pale inapotakiwa kusema inaumwa wapi.

Kwenye meza za mafundi simu Kariakoo jambo hili halina siri. Niliwahi kukaa kwenye benchi la mmoja wao nikisubiri kioo cha simu, akaja mama mmoja na PSP ndani ya mfuko wa rambo. Aliitoa ikiwa inawaka, kioo kinang'aa vizuri kabisa.

"Mwanangu, hii inawaka lakini haishiki kitu. Vitufe vyote vimekufa. Niambie tu kama spea zake zinauzika."

Fundi aliipokea, akabonyeza mara mbili tatu bila jibu. Sikuona akigusa bisibisi. Aliigeuza ubavu wa kulia, akasukuma kwa ukucha kile kiswichi cha kuwashia kikarudi katikati, na picha kwenye kioo zikaanza kutembea.

"Mama, nani kakwambia imekufa? Ilikuwa imefungwa tu. Ukikisukuma juu inawaka, ukikivuta chini inajifunga, vitufe havisikii tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtoto acheze. Niachie ya soda."

Swichi ile ilipewa kazi mbili kwa nia njema. PSP, ambayo Sony walianza kuiuza Japani Desemba 2004, ilikusudiwa kubebwa mfukoni na kwenye begi, na bila kufuli vitufe vingejibonyeza vyenyewe njiani. Ila kinachokueleza kwamba kufuli limefungwa ni neno dogo lililochapwa ubavuni, kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la pili hajaifikia. Siwezi kuacha kujiuliza ni PSP ngapi ziliuzwa kama chuma chakavu zikiwa zimefungwa tu.

Mambo hayakuanza hivyo. Tarehe 21 Aprili 1989 Nintendo walipoitoa Game Boy, walitoa tofali la plastiki la kijivu lenye kioo cha kijani kisicho na taa ndani, linalotumia betri nne za AA, zile tunazoweka kwenye saa ya ukutani. Pembeni mwa kioo palikuwa na kitaa chekundu. Kitaa kile hakikuwa na akili yoyote, na hapo ndipo ubora wake ulipokuwa: kilikunywa umeme wa betri zile zile, hivyo betri zikichoka nacho kilififia. Mtoto hakuhitaji kusoma kitabu cha maelezo ajue kwamba amebakiwa na muda mfupi. Swichi ya kuwashia ilikuwa juu, na ulipoisukuma kuwasha, kipande cha plastiki kiliingia kwenye pengo lililokatwa kwenye kona ya kaseti ya gemu, kaseti ikawa haichomoki mpaka uzime. Na ukizima, umezima kweli. Umeme umekatika, hakuna cha kulala wala kusinzia.

Ukiiwasha, jina la kampuni linashuka taratibu kutoka juu ya kioo hadi katikati, halafu unasikia mlio. Wengi walidhani ni mbwembwe. Kumbe mashine inasoma nembo ile kutoka kwenye kaseti na kuilinganisha na nakala iliyo ndani yake, na isipolingana inagoma kuendelea. Kwa fundi hicho ni kipimo cha bure. Kitaa kikiwaka na badala ya jina kikashuka kipande cheusi, umeme hauna kosa, tatizo ni meno ya kaseti kuwa machafu. Dawa yake ni pamba na spiriti. Watoto wa dunia nzima walichagua kupuliza kwa mdomo, na ilionekana kufaa kwa sababu kule kuchomoa na kuchomeka upya peke yake kunasugua meno. Mate yaliyobaki yakaendelea kulisha kutu.

Hata Game Boy ilikuwa na mtego wake. Ubavuni kushoto kuna kigurudumu cha kukoleza picha. Kikizungushwa hadi mwisho, kioo kinabaki kitupu kama kimezimwa, na gemu inaendelea ndani huku sauti ikisikika. Huo ndio ugonjwa wa mipangilio kwa umbo lake la kwanza: mashine nzima, umeme upo, na kigurudumu kimoja kimeificha kazi yote. Lakini kigurudumu unakiona kwa macho. Unakigeuza, picha inarudi. Huhitaji mtu wa kukuelekeza menyu ya tatu chini ya menyu ya pili.

Aliyeongoza kazi ile, Gunpei Yokoi, alipenda kutumia vipuri vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, na soko lilimlipa. Mwaka 1990 Sega walileta Game Gear yenye rangi na taa ndani ya kioo, mashine nzuri kuitazama. Ilikula betri sita za AA ndani ya saa chache. Mzazi yeyote anayenunua betri kwa pesa yake anajua nani alishinda. Ajabu ni kwamba Game Gear ndiyo moja ya chache ninazokubali kuziita wagonjwa wa kweli: kapasita zake huvuja kwa umri, sauti inapotea, kioo kinafifia hadi kiza. Nayo, fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea akizibadilisha zote, inarudi.

Kwetu huku watoto wengi hawakuikuta Game Boy. Walikuta yale matofali ya Kichina yaliyojiita 9999 in 1, ya kupanga vipande vinavyoanguka, mchezo aliouanzisha Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Ahadi ya gemu elfu tisa ilikuwa uongo mweupe, ila kwa upande wa umeme kitu kile kilikuwa mkweli kuliko mashine za laki nane za leo. Betri mbili, mfuniko wa nyuma, basi. Betri zikiisha tulizianika juani juu ya bati, na kweli ziliongeza dakika kadhaa, kwa sababu joto huharakisha kemia iliyobaki ndani.

Mrithi wa matofali hayo ni ile gemu ndogo iitwayo SUP, yenye michezo 400 ndani, inayopangwa kwenye meza za wauza chaja na makava ya simu. Wanaojiita wachezaji wa kweli wanaicheka. Mimi nawaomba wafungue mfuniko wa nyuma. Ndani watakuta betri ya BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za batani. Betri hiyo inauzwa kila kona. Ikivimba unaitoa kwa ukucha, unanunua nyingine, mtoto anaendelea. Ukitaka kujua kama tatizo ni betri au ni gemu, unaichomoa ya kwenye kitochi cha bibi na kujaribu nayo. Kipimo kizima kinaisha kabla chai haijapoa.

Na BL-5C haikuwa betri isiyo na doa. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri kama milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zilikuwa na hatari ya kupata joto kupita kiasi zikichajiwa, na wakaahidi kuzibadilisha bure. Fikiria tangazo hilo lingekuwa la leo, la kifaa ambacho betri yake imebandikwa kwa gundi chini ya skrubu za vichwa vya ajabu. Mwaka ule mwenye simu alifungua mfuniko, akasoma namba mgongoni mwa betri, akajua kama anahusika.

Sasa tuingie kwenye kiini cha ukimya wenyewe, maana hapa ndipo gemu nyingi zinapohukumiwa bila kusikilizwa.

Betri ya lithiamu, ambayo Sony walianza kuiuza kibiashara mwaka 1991, haifi kama betri ya tochi. Seli moja ikijaa inafika volti 4.2, kwa kawaida inaandikwa 3.7, na ikikaribia 3 au kushuka chini yake saketi ndogo ya ulinzi inaikata ili isiharibike. Mashine iliyokatwa hivyo haitoi dalili yoyote. Ukiichomeka kwenye chaja, chipu ya kuchaji haiwezi kuisukumia umeme mwingi mara moja. Inailisha kidogo kidogo mpaka volti ipande, na katika muda huo kioo kinaweza kubaki cheusi kabisa. Mwenye nyumba anachomeka, anangoja dakika mbili, anabonyeza, haoni kitu, anachomoa. Kesho yake anarudia vile vile. Kila siku anamnyima mgonjwa uji pale anapoanza kumeza. Iache kwenye chaja nusu saa, hata saa nzima, ikiwa imechomekwa moja kwa moja, si kupitia kwenye runinga wala kwenye kistendi chake, ndipo uanze kuuliza maswali.

Kuna na suala la kitufe. Kwenye Game Boy swichi ilikata umeme kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye Nintendo Switch, iliyoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017, kitufe cha kuwashia hakikati chochote. Kinapeleka ombi kwa programu, nayo ikiwa imeganda usingizini hakuna wa kulipokea ombi hilo. Unaweza kubonyeza mpaka kidole kiume. Ndiyo maana maelekezo ya Nintendo wenyewe yanasema ushikilie kitufe kwa sekunde 12 au zaidi, uachie, kisha ubonyeze mara moja. Ule ushikiliaji mrefu unaipita programu na kwenda kwenye chipu inayotawala umeme, ambayo inakata kila kitu kwa nguvu. Sekunde kumi na mbili ni nyingi mno kwa mtu aliyezoea kubonyeza na kuachia. Ukimwambia mtu akae nazo, atafika ya tano na kukuambia ameshajaribu, haifai.

Nintendo hao hao wanashauri kwamba kama gemu haitumiki, ichajiwe angalau mara moja kila miezi sita, la sivyo betri inaweza kufika mahali pa kutochajika tena. Rudi sasa kwenye ile droo. Mashine iliingia humo ikiwa nzima, imelala tu, imepewa cheti cha kifo kwa kosa la kushindwa kusikia kitufe. Inakaa mwaka. Umeme mdogo uliobaki unavuja siku hadi siku, seli inashuka chini ya pale ambapo chipu inakubali kuifufua, na siku mjomba akija likizo akauliza habari zake, maneno ya mwanzo yameshatimia. Tuliizika ikiwa hai, ikafia kaburini. Huu ndio uharibifu ninaoulalamikia zaidi, kwa kuwa haukuwa na sababu: kitaa kimoja cha senti chache, kinachomeremeta chaja ikichomekwa hata kama betri iko sifuri, kingeuzuia.

Hapa lazima niwaseme na mafundi kidogo, pamoja na heshima zangu kwao. Ile tabia ya kushtua betri iliyolala, kwa kuigusisha moja kwa moja kwenye waya wa umeme ili ipande volti haraka, inafanya kazi mara nyingi na siku nyingine inawasha moto. Seli ya lithiamu iliyoshuka sana, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka na baadaye kujenga njia ya shoti. Ikishtuliwa inaonekana imepona, inakabidhiwa kwa mtoto, na inachajiwa usiku chini ya mto. Betri iliyokaa sifuri mwaka mzima haina sababu ya kufufuliwa. Ibadilishwe. Iliyovimba ndiyo kabisa: isitobolewe, isiminywe ili mfuniko ufunge, isichajiwe hata mara moja ya mwisho ya kuhamisha gemu. Na tabia ya kuanika juani tuiache kwa betri za tochi. Lithiamu inachukia joto kuliko kitu kingine chochote, na gemu iliyoachwa kwenye dashibodi ya daladala saa saba mchana Dar es Salaam inazeeka kwa kasi ambayo hakuna mpangilio unaoweza kuirekebisha.

Waya nao una hadithi yake, na hii inawatesa watu wa sasa kuliko wa zamani. Tuliambiwa kwamba USB-C imemaliza ugomvi wa chaja: kichwa kimoja kwa vifaa vyote. Umbo ndilo moja. Tabia si moja. Ukitumia waya wenye kichwa cha C pande zote mbili na chaja mpya, chaja haitoi umeme mpaka ijue upande wa pili kuna kifaa kinachohitaji. Kifaa kinajitambulisha kwa rezista mbili ndogo za kilo-omu 5.1, vitu vya bei ya punje ya mchele. Baadhi ya watengenezaji wa gemu za bei nafuu za Kichina, zile zinazocheza michezo ya zamani, wameziacha rezista hizo ili kubana matumizi. Matokeo yake unachomeka chaja mpya ya wati 65, kimya. Unachomeka chaja kuukuu yenye tundu pana la USB la zamani, na waya wake wa kuja kwenye C, taa inawaka papo hapo. Mteja anarudi dukani kugombana, muuzaji anaijaribu kwa waya wake wa zamani, inachaji, na wote wawili wanaapa kwamba mwenzake ni mwongo.

Upande wa pili wa shilingi ni Switch. Chaja yake inaweza kutoa volti 15 na ampea 2.6, na kistendi cha kuiunganisha kwenye runinga kinazitaka hizo volti 15. Chaja ndogo ya simu itaijaza taratibu ikiwa imezimwa, itashindwa kuifikia mtoto akiwa anacheza, na kwenye kistendi haitaleta picha kabisa. Huyu naye ataambiwa runinga imekufa. Halafu kuna vistendi vya kuiga. Machi 2018, baada ya sasisho la 5.0 la mfumo wa Switch, wenye vistendi vya kampuni nyingine kadhaa waliripoti mashine zao kuzima moja kwa moja, na Nintendo wakawaonya wateja juu ya vifaa visivyo na leseni. Lawama ile ilikuwa na haki nusu. Mnunuzi angejuaje kwamba vichwa viwili vinavyoingia tundu moja havizungumzi lugha moja?

Kwa zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, geuza chaja usome maandishi madogo kabla ya kutafuta adapta ya pini tatu. Chaja ya Switch inakubali volti 100 hadi 240, haina neno. Ila chaja za Nintendo DS Lite na 3DS zilizouzwa Marekani ziliandikwa volti 120 pekee, na ukutani kwetu kuna 230. Adapta ya pini inabadilisha umbo la plagi, volti zinabaki zile zile. Hapo kifo kitakuwa cha kweli, na kitanuka.

Kuhusu mipangilio sitakaa sana, maana dawa zake ni fupi. Kwenye Switch, hali ya ndege ikiwashwa inakata na Bluetooth, hivyo vidhibiti ukivichomoa pembeni vinanyamaza. Mtu anatafuta betri za vidhibiti kumbe alibonyeza alama ya ndege. Gemu inayojifunga kila saa mbili kamili za kucheza haina tatizo la umeme, ina kikomo cha mzazi ambacho baba alikiweka Desemba na kukisahau. Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, ina hali ya kuhifadhi betri inayoilaza kabisa, na mashine mpya huja sandukuni ikiwa imelala hivyo. Kitufe hakiiamshi, inaamshwa na chaja. Waliiweka hali hiyo kwa hekima, kulinda betri ikiwa melini na ghalani. Ila anayeifungua zawadi yake na kubonyeza kitufe bila chaja anadhani ameuziwa jiwe.

Asilimia ya betri nayo ni mpangilio wa imani zaidi kuliko kipimo. Hakuna kijiti cha kuzamisha ndani ya lithiamu uone imebaki kiasi gani; chipu inakadiria kwa kuhesabu umeme ulioingia na kutoka, na makadirio yanapotea njia. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 kwa bei ya kuumiza, haikupita miezi miwili kabla Nintendo hawajalazimika kuwaeleza wateja la kufanya namba ya betri inapoonyesha uongo. Gemu inayozima ikiwa asilimia 20, au inayokaa asilimia 1 na kuendelea kwa saa nzima, mara nyingi ina mhasibu mbovu, hazina iko sawa.

Kinachonikera katika eneo hili ni mkono mwepesi wa kurejesha mipangilio ya kiwandani. Ni ushauri wa kwanza wa kila mjuaji: futa yote, anza upya. Kwenye Switch safari za mtoto katika kila gemu zinakaa kwenye kumbukumbu ya ndani ya mashine, kadi ya microSD haizibebi, na nakala ya mtandaoni inapatikana kwa anayelipia huduma yao. Ukifuta, umefuta miaka ya mtu. Nintendo wenyewe waliliona hilo, wakaweka kwenye menyu ya matengenezo njia ya kurejesha mfumo bila kugusa safari zilizohifadhiwa, lakini wameificha nyuma ya vitufe vitatu vinavyobonyezwa kwa pamoja mashine ikiwa imezimwa. Kiswichi cha kuangamiza kiko kwenye mipangilio ya kawaida, cha kuokoa kimefichwa. Nani alipanga vyumba hivi?

Watengenezaji wana majibu yao, na mengine yana uzito. Betri isiyo na mfuniko inaruhusu mashine kuwa nyembamba. Gundi inazuia betri isicheze ikadhurika. Mtoto hatafungua akaumia. Nayakubali kwa nusu. DS Lite ya mwaka 2006 ilikuwa nyembamba, na betri yake ilikaa chini ya kifuniko chenye skrubu moja ya kawaida. Betri ya PSP ilitoka kwa kidole gumba. Uwezo ulikuwepo, uamuzi ndio uliobadilika. Valve angalau walianza mwaka 2022 kuuza vipuri vya Steam Deck yao kupitia iFixit, watu wa vipuri na miongozo ya matengenezo, ingawa betri yenyewe waliigandisha kwa gundi ya kutisha, na iFixit hao hao walipoifungua Switch 2 walikuta gundi ile ile ya kukomoa.

Wanaoweza kuwalazimisha wamejitokeza. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1542, inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa zana zinazopatikana madukani, na betri za akiba ziendelee kuuzwa kwa miaka isiyopungua 5 baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni. Gemu za mkononi hazina pa kujifichia humo.

Swali langu linatuhusu sisi huku. Watengenezaji wanaweza kuamua kuunda toleo moja lenye mfuniko kwa dunia nzima, au toleo la Ulaya lenye mfuniko na la kwingineko lenye gundi. Mzigo wetu mwingi unapitia Dubai na Guangzhou, ambako sheria ya Brussels haina polisi. Wizara zetu za biashara, za Tanzania, Kenya na wengine wa Jumuiya, hazihitaji kuandika kurasa mia. Zinahitaji kusema kwamba kifaa ambacho kimetengenezwa kwa betri ya kubadilika kwa Mjerumani hakiingii bandari ya Dar es Salaam wala Mombasa kikiwa na betri ya gundi, na kusema hivyo kabla ya 2027, wakati viwanda bado vinachora. Waagizaji watapiga kelele kwamba bei itapanda. Wapewe SUP ya michezo 400, waambiwe wafungue mfuniko wa nyuma, kisha waendelee na hoja yao.